Kengele ya Mama Gundi

Jumamosi asubuhi, kabla maduka mengine ya mtaa wetu hayajamaliza kufungua milango, mimi huwa nimeshasimama mbele ya duka la Mama Gundi, mkoba begani, miwani imefutwa, moyo unadunda kama wa msichana anayesubiri matokeo ya mtihani. Watu wa rika langu huniuliza kwa nini mwanamke mwenye kabati lililojaa vitabu aende kujibanza katikati ya redio mbovu na pasi za mkaa. Huwajibu kwamba hawajaisikia kengele. Wangeisikia mara moja tu, wangenitangulia mlangoni.

Duka liko kati ya saluni na kibanda cha mchonga funguo. Ukiingia, mkono wa kushoto ni vitu vya nyumbani vilivyokwisha kutumika: taa za mezani, cherehani, feni isiyo na kifuniko, masufuria yaliyolala moja ndani ya jingine, na saa za ukutani ambazo kila moja imeshikilia wakati wake na haitaki kusikia la mwenzake. Hivi Mama Gundi hununua na kuuza bila mbwembwe. Ukitaka pasi ya umeme unaijaribu kwenye soketi ya mlangoni. Ikipata moto unalipa, isipopata mnataniana kidogo kisha unaiacha. Mkono wa kulia, kutoka sakafuni hadi darini, ni vitabu. Na huko nyuma, chini ya dirisha, iko meza ndefu anayoiita wodi.

Kila kitabu kinachoingia hulazwa wodini kwanza. Kilichopasuka mgongo kinashonwa, kilichochanika kinabandikwa, kilicholowa kinabanwa kati ya mbao mbili mpaka kinyooke. Unaruhusiwa kwenda kuwatazama wagonjwa, hata kuwapa pole, lakini huruhusiwi kununua.

"Mgonjwa hauzwi," husema Mama Gundi, sindano mdomoni. "Ngoja apewe ruhusa."

Kazi hiyo aliijulia katika kiwanda cha uchapaji. Aliingia akiwa msichana wa kufagia vipande vya karatasi, akatoka akiwa msimamizi wa chumba cha kushonea vitabu. Kiwanda kilipofungwa, wenzake waligombania meza na viti vya ofisini. Yeye aliomba sindano, mbao za kubania na ndoo ya gundi, akaondoka navyo kichwani, na jina likamfuata tangu siku hiyo. Alianza kwa kutengenezea watu vitabu kwenye kibaraza chake. Watu walileta, wakasahau kurudi. Vitabu vikafika dirishani, kibaraza kikageuka duka.

Msidhani ni mtu wa kujishusha. "Hapa mjini hakuna anayeshona mgongo wa kitabu kama mimi," huwaambia wateja bila kuulizwa. "Kama yupo, mleteni nimfunze adabu." Kuhusu ndoa husema hivi: "Niliolewa mara mbili, na wote wawili niliwarudisha rafuni kabla ya sura ya tatu." Kisha hucheka yeye kwanza, kicheko cha kutikisa vikombe, na hata mtu aliyeingia amenuna hutoka meno nje.

Ana mambo mawili ambayo sijayaona katika duka jingine lolote. La kwanza, kabla kitabu hakijatoka wodini, hubandika karatasi safi nyeupe ndani ya jalada na kuyafunika majina ya waliokuwa nacho. Anasema mtu anayeuza kitabu hatakiwi kutembezewa jina lake mitaani. Mimi, kwa jinsi nilivyolelewa, nilimheshimu kwa jambo hilo tangu siku ya kwanza.

La pili ni kengele. Zamani, bwana mmoja mwenye uwezo aliingia akakiona kitabu ambacho binti mmoja wa shule alikuwa akikitembelea wodini kila alasiri. Akapandisha bei palepale, akakichukua, binti akatoka analia. Mama Gundi hakulala vizuri. Kesho yake alinunua penseli, akaandika bei moja ndani ya kila kitabu, bei isiyopanda wala kushuka, akafunga kengele ya baiskeli kwenye ukingo wa meza. Tangu hapo, vitabu vilivyopona wiki hiyo hutoka Jumamosi vikiwa vimefungwa gazeti, jalada lisionekane. Hupiga kengele, hufungua kimoja mahali popote, husoma. Wa kwanza kusema "Changu!" kimekuwa chake. Kila mtu ana sauti moja kwa Jumamosi moja. Ukishasema umesema, hata kikiwa kitabu cha mabomba ya maji machafu.

Basi fikirini raha yake. Watu wazima wamesimama, shingo zimevutwa mbele, kila mmoja anajiuliza: niseme sasa, au ningoje sentensi iishe na mwingine aniwahi? Nimefundisha shule ya wasichana maisha yangu yote ya kazi na sijaona darasa linalosikiliza namna ile.

Sasa nieleze jambo la foronya, maana bila hilo mengine hayataeleweka.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa jina. Aliacha nyumba yenye heshima, na heshima ile aliiacha mikononi mwangu. Nyumba yoyote ina vitu vilivyochoka: birika, saa, vitabu vya shule vya watoto waliokwisha kuwa na watoto wao. Kuviuza si aibu, lakini kuonekana unaviuza ni jambo jingine. Sikutaka mtu apite dirishani aseme, "Masikini, nyumba ya marehemu sasa inauza vyombo." Kwa hiyo kila kitu kikuukuu kilitoka kwangu ndani ya foronya, kimefungwa fundo juu, kikapandishwa kwenye mkokoteni wa mtu tunayemwamini, kama nguo zinazokwenda kwa dobi. Mkokoteni ukapita uchochoroni, ukaishia mlango wa nyuma wa Mama Gundi. Yeye alinunua bila kuuliza vinatoka kwa nani. Nami Jumamosi niliingia kwa mlango wa mbele kama mnunuzi, kichwa juu.

Ndani ya nyumba hiyohiyo kulikuwa na kitabu kimoja ambacho hakikupaswa kutoka kamwe. Ni kitabu cha hadithi za wanyama, mume wangu alikinunua kabla hatujaoana. Kila mtoto wa nyumba yetu akishajua kusoma, husimama mbele ya jamaa wote, husoma hadithi ya kwanza mpaka mwisho, kisha huandika jina lake kwa mkono wake ndani ya jalada. La juu kabisa ni la mume wangu, chini yake watoto wetu, chini yao wajukuu. Alikuwa amebaki mmoja tu, kitindamimba wa mwanangu, msichana mwenye pengo la meno ya mbele, aliyekuwa akisoma kila kilichopita mbele yake: maboksi ya sabuni, vibao vya magari, risiti za duka. Jumapili ile ilikuwa zamu yake. Shangazi zake walikuwa wameshakata tiketi.

Na kitabu hicho, ili kisiingie vumbi, marehemu alikizoesha kulala ndani ya foronya.

Ijumaa jioni nilikwenda kukitoa nikifute. Nikafungua fundo. Ndani yake mlikuwa na magazeti ya zamani ya ushonaji.

Nikamwita mke wa mwanangu. "Mwanangu, foronya iliyokwenda na mkokoteni juzi ulitoa wapi?"

"Chini ya kabati, Mama, kama ulivyosema."

"Zilikuwa mbili chini ya kabati."

"Ndiyo, Mama. Zote za bluu, zote zimefungwa fundo." Akaitazama iliyokuwa mikononi mwangu, kisha akayatazama magazeti, akashika mdomo. "Mungu wangu. Nimempelekea Mama Gundi kitabu cha Baba!"

Mlangoni, yule mjukuu alikuwa anatuangalia. "Bibi, kitabu kimekwenda kufuliwa?"

"Kinarudi kesho," nikamwambia. Nilisema kwa sauti ya darasani ili na mimi mwenyewe niamini.

Jumamosi nilifika duka halijafunguliwa, na bado sikuwa wa kwanza. Bwana Mkaguzi alikuwa ameshasimama hapo, mkaguzi mstaafu wa shule, mwembamba, mkoba wa ngozi kwapani, mtu mwenye "Changu!" ya haraka kuliko wote mtaani. Ubavuni mwake Mama Saluni, jirani wa duka, kitana kikiwa kimechomekwa nyweleni. Huyu hajanunua kitabu tangu nimfahamu. Huja kusikiliza, na anachosikia asubuhi, kufikia mchana kimeshapita chini ya kila mashine ya kukaushia nywele.

Mlango ulipofunguka nilikwenda moja kwa moja wodini. Meza tupu! Wagonjwa wote walikuwa wamepewa ruhusa, wamefungwa magazeti, wamepangwa ndani ya kikapu kikubwa, na hakuna wa kumtambua nani ni nani.

"Mama Gundi," nikanong'ona, "naomba neno pembeni."

"Neno la pembeni baada ya kengele, Mwalimu. Mkono wangu umeshaishika."

"Semeni tu hapahapa," alisema Mama Saluni akivuta kiti. "Kwani kuna mgeni?"

Ningesema nini? Kwamba nyumba ya marehemu huleta vitu vyake hapa kwa uchochoroni? Niliona njia moja tu iliyobaki, nayo ilikuwa ya halali kabisa: nikitambue kitabu changu kwa masikio na niseme kabla ya Bwana Mkaguzi. Hadithi ya kwanza ni ya jogoo aliyegoma kuwika. Naijua neno kwa neno. Nikasimama mbele, miguu imara, vidole vimebana mkoba.

Kengele ikalia: kring, kring!

Mama Gundi akafunua gazeti la kwanza, akasafisha koo, akasoma: "Jogoo—"

"Changu!"

Sijui sauti ile nilikuwa nimeiweka wapi miaka yote. Mchonga funguo alichungulia dirishani. Mwanangu mkubwa angekuwepo angeniletea maji.

"Mwalimu!" Mama Gundi alinitazama juu ya miwani yake. "Sentensi yenyewe haijavaa hata viatu. Haya, sikiliza ulichonunua." Akaendelea: "Jogoo aliyezeeka atengwe na vifaranga, na banda lake linyunyiziwe dawa mara kwa mara."

Duka zima likaangua kicheko. Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa kuku.

"Hongera, Mwalimu," alisema Bwana Mkaguzi akiinamisha kichwa kwa heshima. "Sikujua kama una banda."

Nilikipokea kitabu cha kuku kwa mikono miwili. Sauti yangu moja ilikuwa imekwisha, na kikapu bado kimejaa. Kilitoka kitabu cha hesabu, kikaenda. Cha mapishi, kikagombaniwa na akina mama wawili waliosema pamoja mpaka Mama Gundi akawarudisha kwenye sentensi nyingine. Kila gazeti likifunuliwa nilivuta shingo, na kila kikionekana kuwa si chenyewe niliirudisha. Bwana Mkaguzi alikuwa bado hajatumia sauti yake, jambo lisilo la kawaida yake. Alikuwa anangoja.

Kikapu kikabaki na kimoja. Kring!

"Basi wanyama wote wakaenda kwa jogoo," alisoma Mama Gundi, "wakamkuta amejifunika shuka gubigubi, anasema, 'Siwiki mpaka—'"

"Changu!" alisema Bwana Mkaguzi.

"—'mpaka niombwe radhi!'" nikamalizia mimi. Sikukusudia. Maneno yalitoka yenyewe.

Watu wakageuka. Mama Gundi akaliondoa gazeti, na nikakiona kile kitabu, mgongo wake mpya umeshonwa kwa uzi mwekundu, kimenyooka kama kijana aliyetoka kunyolewa. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Bwana Mkaguzi alikuwa ameshafungua mkoba wake akitie.

"Bwana Mkaguzi," nikasema, "naomba tubadilishane."

"Kitabu cha hadithi kwa kitabu cha kuku?"

"Ndiyo."

Akamtazama Mama Gundi. Yeye akakunja mikono kifuani. "Kubadilishana kunaruhusiwa. Lakini sheria ya duka mnaijua. Anayeomba aseme sababu mbele ya watu, tusije tukalazimishana vichochoroni."

Nikamwona Mama Saluni amekaa ukingoni mwa kiti, kitana ameshakichomoa, masikio yote mawili yamesimama. Nikaiona na kesho: shangazi kwenye viti, mwanangu amevaa shati la baba yake, na mjukuu wangu kasimama katikati ya sebule na pengo lake, mikono mitupu. Marehemu aliniachia jina, ni kweli. Lakini majina yenyewe yalikuwa ndani ya kitabu kile, na yalikuwa yanaingia kwenye mkoba wa mtu mwingine.

"Kitabu hicho ni cha nyumba yangu," nikasema, na sikunong'ona. "Ni cha mume wangu. Watoto wetu wote wamesomea hapo, na kesho ni zamu ya mdogo wao. Kilikuja hapa kwa bahati mbaya, ndani ya foronya, pamoja na vitu vikuukuu ambavyo huwa tunamletea Mama Gundi."

Saa moja ya ukutani ikajigonga, wakati usio wake.

Halafu Mama Saluni akapiga kofi paja lake. "Ehee! Mwalimu naye leo kasema! Dada yangu, nguo gani za kufua zina pembe nne?"

"Unasema nini?"

"Nasema foronya zako mtaa mzima tunazijua! Mwaka jana moja ilipita dirishani kwangu inalia krrrr, krrrr, mkokoteni mzima unatetemeka. Wateja wangu wakaniuliza, dobi gani huyo anafua saa yenye kengele?"

Hata mchonga funguo alicheka. Nikahisi uso unawaka. "Na hamkuniambia?"

"Tukuambie ili iweje? Mimi vyangu navileta kwenye ndoo ya dawa ya nywele, nimeifunika kitambaa. Muulize mwenye duka."

"Mimi sijui ndoo ya mtu," alisema Mama Gundi, macho darini.

Bwana Mkaguzi akakohoa. "Mkoba huu nao," alisema taratibu, "hauji hapa mtupu kila mara."

Jamani! Nilicheka mpaka nikatafuta pa kushika. Lakini mkaguzi ni mkaguzi, hata akistaafu. Alirudisha uso wa kazi, akafungua kitabu katikati. "Ushahidi, Mwalimu. 'Fisi akavua kofia yake—'"

"'—akaitazama ndani, akakuta hamna kichwa!'"

"'Mamba akawaambia wanawe—'"

"'—leo hakuna kuogelea, maji nimeyaazima!'" Hapo nilikuwa ninamwigiza mamba kama alivyomwigiza marehemu, sauti ya puani, na wala sikujali nani ananitazama.

Alikifunga. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akapokea cha kuku, akakifungua palepale. "Nikwambie kweli, Mwalimu," alisema bila kuinua macho, "tangu ulipopiga kelele nilikuwa nakuonea wivu. Kuku wangu wanapukutika na sijui ni nini. Cha wanyama nilikitaka kwa sababu tu nilisikia jogoo."

Nilipofungua jalada, furaha ikasimama ghafla. Ukurasa ulikuwa mweupe. Karatasi mpya, imebandikwa kona hadi kona, laini kama shuka iliyopigwa pasi. Majina yote yalikuwa chini yake.

Mama Gundi aliniona. "Lete," alisema.

Aliweka birika kwenye jiko dogo la umeme, akashika jalada juu ya mvuke, akawa analipeleka huku na huku bila haraka. Tulimzunguka kama ndugu wanaosubiri nje ya chumba cha kujifungulia. Mama Saluni ndiye aliyekuwa anashika kifuniko.

"Mnaniita Mama Gundi," alisema, "na mnafikiri gundi ni ya kushika tu. Migongo naishika kwa gundi ya kiwandani, haiachii mpaka kiama. Lakini majina nayafunika kwa uji wa unga wa ngano. Mnajua kwa nini? Kwa sababu watu hurudi." Akaingiza ubapa wa kisu chini ya kona. Karatasi ikainuka. Likatokea jina la mume wangu kwa wino wake wa bluu, mkia wa herufi ya mwisho umevutwa kwa maringo kama kawaida yake. Kisha mwanangu wa kwanza, aliyebonyeza kalamu mpaka ikatoboa. Kisha wengine, wote.

"Eh," alisema Mama Saluni kwa sauti ndogo. "Mmeenea."

Tulikuwa tumeenea kweli. Jina la mwisho liligusa ukingo, na sikuwa nimewahi kujiuliza la kitindamimba litakaa wapi. Mama Gundi alikuwa ameshaliona. Hakuing'oa karatasi yote. Aliuacha ukingo mmoja ulioshikana na mgongo, akaupitishia gundi ile nyingine, ya kiama, akaubana kwa kidole gumba. Karatasi ikawa inafunguka na kufunga kama mlango: ndani majina ya waliotangulia, juu yake uwanja mweupe.

"Huo wa bure," alisema. "Lakini usiutangaze, watanizoea."

Jumapili Mama Gundi alikuja, amevaa gauni la kijani na viatu vinavyombana, akakaa kati ya shangazi wawili na kuwaambia habari za waume zake kabla ya chai kumiminwa. Mjukuu wangu akasimama katikati ya sebule. Alisoma kwa kidole, pengo likipuliza kila herufi ya s, na jogoo alipojifunika shuka alitua kusoma, akatutazama wote, akasema kwa sauti ya babu yake, ambayo ningeitambua popote: "Siwiki mpaka niombwe radhi!" Mwanangu alitazama dirishani muda mrefu.

Alipomaliza nikampa kalamu. Akaufungua ule mlango wa karatasi, akawasoma waliomo mmoja mmoja, akaufunga, akaandika jina lake peke yake juu kabisa, kubwa, limepinda kidogo kuelekea kulia.

"Bibi, mbona huku niko mwenyewe?"

"Wewe ndiye wa kwanza," Mama Gundi akamjibu kabla yangu. "Waachie nafasi wanaokuja."

Foronya bado natumia. Jina la nyumba ni jina la nyumba, na mtaa ukijua si lazima uone. Ila sasa kitabu cha mume wangu kimehamia kwenye foronya nyekundu, na saa zenye kengele natoa betri kwanza.